Miaka Mia na Kumi na Mitano ya Barnaba Nampoto

Barnaba Nampoto alikuwa amelala kaburini miaka hamsini na miwili siku ilipoamuliwa kwamba hakuwahi kuishi. Ilikuwa Jumanne, tarehe nne Oktoba 2061, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na mtu wa kwanza kupata habari hiyo alikuwa mjukuu wake, Sikujua, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Alikuwa ameketi mezani kwake katika Nyumba ya Nyakati pale Masasi, chai yake bado ina moshi, akipitia orodha ya makaburi ya kilima cha Namikunda. Majina yalipita kwenye kioo cha meza moja baada ya jingine, kila moja likiwaka kijani na kushuka. Likaja jina la baba yake, Reuben, waliyemzika mwaka uliopita. Likawaka kijani, likashuka. Likaja la babu. Likasimama. Likageuka jeupe kama jivu, na chini yake yakajitokeza maneno ambayo Sikujua alikwisha kuyaona mara nyingi katika miaka kumi na mmoja ya kazi, lakini hakuwahi kuyasoma polepole:

BARNABA NAMPOTO. KUZALIWA 1894. KUFA 2009. UMRI MIAKA 115. HAIWEZEKANI. JINA LIMEKATALIWA.

Alikunywa chai yote bila kujua kama ilikuwa na sukari.

Alimkumbuka babu huyo. Alikuwa na miaka minne tu babu alipofariki, lakini alikumbuka mikono iliyobangua karanga na kumchagulia zile zenye punje tatu. Mikono hiyo ilikuwa na joto. Mtu asiyewahi kuishi hana mikono ya joto.

Huko bondeni bwawa lilikuwa tayari limejengwa. Mvua za siku hizi zinakuja zote kwa pamoja, wiki sita, kisha zinaaga mpaka mwaka mwingine, na wilaya ilikuwa imeamua kuzidaka kabla hazijapita. Maji yangepanda mpaka Namikunda, kwa hiyo wafu wa Namikunda walipaswa kuhama. Sheria ilisema hivi: anayekubaliwa na Kinu, mashine ya Nyumba ya Nyakati, atahamishwa kwa jina lake, atapata kaburi lake na jiwe lake. Anayekataliwa ataingia Kaburi la Pamoja, shimo moja kubwa lenye jiwe moja lisilo na maandishi. Wala mifupa haikuruhusiwa kupimwa mpaka jina likubaliwe kwanza, kwa heshima ya marehemu. Sheria haikutungwa kwa ubaya. Kabla yake watu walikuwa wakijizulia mababu ili wapate nafasi nzuri kwenye makaburi mapya.

Sikujua mwenyewe aliiona sheria hiyo kuwa ya haki. Mkuki kwa nguruwe.

Orodha ingefungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Baada ya hapo Reuben angekwenda makaburi mapya peke yake, yeye ambaye katika ugonjwa wake wa mwisho hakuomba kitu kingine chochote ila alazwe ubavuni mwa baba yake.

*

Mkuu wa Nyumba ya Nyakati, Bwana Kasiani Mtokoma, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe mpaka mezani kwa Sikujua, akavuta kiti, akaweka miwani yake kwenye paji la uso.

"Pole, dada. Nimeliona jina."

"Nimeshapoa, Mkuu."

"Hujapoa. Kikombe kitupu na bado unakinywea." Akakisogeza kando. "Sasa mbona unajitesa? Lako hili ni la kubana tu. Wewe ndiye fundi wetu wa kubana."

Ilikuwa kweli. Kinu, kama wote walivyoiita mashine ile, kilikuwa kimetwanga kila karatasi iliyopata kuandikwa kusini: vitabu vya ubatizo vya misheni, kadi za kodi ya kichwa, daftari za zahanati, orodha za vibarua wa mkonge, hata sauti za wazee zilizorekodiwa enzi za simu za mkononi. Kutokana na unga huo kilisuka kili mbili za mwanga, mistari mirefu kama ile ya mkeka, na kuzilaza mezani. Ukili wa juu ulikuwa wa nchi: vita, njaa, nzige, reli iliyojengwa na reli iliyong'olewa. Ukili wa chini ulikuwa wa mtu: kuzaliwa, kuoa, kuhama, kufa. Kisha Kinu kilizishona kili hizo pamoja, kama wanawake wanavyoshona mkeka. Mahali tukio la mtu lilipogusana na tukio la nchi, mshono ukashika. Mwenye mishono ya kutosha hachomoki tena katika historia.

Lakini wapo waliotoka vibaya. Mtu ana miaka mia na thelathini. Mtu amezaa mtoto akiwa na umri wa miaka tisini. Hao ndio waliobanwa. Kinu chenyewe kilipendekeza karatasi ipi ionekane kuwa ya makosa, fundi akabonyeza, karatasi hiyo ikatupwa kwenye pumba, na umri ukapungua kama gauni lililopunguzwa kiunoni. Dakika kumi. Katika miaka kumi na mmoja Sikujua alikuwa amebana watu elfu nne mia moja na kumi na wawili, na kila mmoja wao alipata kaburi na jiwe.

Akabonyeza. Kinu kikapendekeza kwamba ubatizo wa mwaka 1894 ulikuwa wa mtu mwingine asiyejulikana, kikautupa kwenye pumba, na mahali pake kikaandika: KUZALIWA TAKRIBAN 1920. Jina la Barnaba Nampoto likawaka kijani.

"Umeona?" Bwana Kasiani alisema, akishusha miwani. "Mzee atahama salama."

*

Jioni ya siku hiyohiyo Sikujua alipitia kwa Shangazi Fidea, dada mkubwa wa baba yake, kumpelekea habari njema. Shangazi alikuwa na miaka tisini na mitano, masikio mazima na ulimi mzima zaidi. Alimkuta barazani akichambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Una uso wa harusi. Nani kaoa?"

"Babu amekubaliwa."

"Na nani?"

"Na Kinu, Shangazi. Asubuhi kilimkataa, kikasema ana miaka mia na kumi na mitano. Nimekirekebisha."

"Hicho kinu chenu kinachotwanga bila mchi." Shangazi alitupa mbaazi mbovu uani. "Haya, kimekubali. Kimemkubali Barnaba yupi?"

Sikujua alidhani shangazi amechoka. Akaketi kwenye mkeka, akavuta ungo upande wake ili amsaidie.

"Barnaba babu yangu. Baba yenu."

"Na yule mwingine umempeleka wapi?"

"Mwingine yupi?"

Shangazi Fidea aliuacha ungo. Alimtazama mtoto wa mdogo wake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu chumbani.

"Kwa hiyo Reuben hakukwambia. Wanaume wa nyumba hii, kaburi lina maneno kuliko wao. Sikiliza, mwanangu. Baba yangu hakuzaliwa Barnaba. Alizaliwa Dastani. Barnaba alikuwa mjomba wake. Barnaba ndiye aliyebatizwa wakati Mdachi, Mjerumani yule, akiwa bado hapa, ndiye aliyebebeshwa mizigo ya vita ile ya kwanza akarudi na bega limepinda. Halafu mwaka mmoja akachukuliwa manamba, kwenda kukata mkonge Tanga. Mkewe ana mimba ya dada Agata. Hakurudi. Alirudi mwenzake, peke yake, akakaa chini, akavua kofia. Wakajua."

"Wakaweka matanga."

"Wakaweka matanga bila maiti. Siku ya kumaliza matanga wakamketisha Dastani kwenye kigoda cha mjomba wake, wakampaka unga wa mtama kwenye paji, wakamvika jina. Kijana wa miaka kumi na minane. Toka hapo Dastani akaisha. Watoto wa Barnaba wakamwita baba, wadeni na marafiki wa Barnaba wakamwamkia kama Barnaba, na vizee waliokuwa wakimtuma maji asubuhi, jioni walimpisha kiti."

Sikujua alijua kwamba zamani majina yalivikwa. Alijua kama mtu anavyojua kwamba zamani watu walikuwa wakiwasha moto kwa vijiti. Kwake desturi hiyo ilikuwa imekwisha kabla hajaota meno.

"Lakini, Shangazi, kwenye kadi zake zote babu mwenyewe ameandikisha kwamba alizaliwa 1894. Sensa ilimuuliza, akasema hivyo. Zahanati ilimuuliza, akasema hivyo."

"Sasa ulitaka aseme nini?"

"Aseme ukweli."

"Ndio huo. Aliyevikwa jina haulizwi yeye alizaliwa lini, anaulizwa jina lilizaliwa lini. Angetaja miaka ya Dastani angekuwa amemvua mjomba wake na kumwacha uchi huko Tanga alikolala. Kila bwana shauri aliyekuja na kalamu, baba alisema, 'Nilibatizwa Mdachi yupo.' Wakamcheka kwamba mzee hazeeki. Hakujali." Shangazi alichukua tena ungo wake. "Ndiyo nakuuliza. Kinu kilikuwa na Barnaba wawili kwenye shati moja. Wewe ukapunguza shati. Aliyebaki nje ni nani?"

Aliyebaki nje Sikujua alimjua. Alikuwa anaijua karatasi hiyo, ile ya ubatizo. Aliitupa kwenye pumba kwa kidole chake mwenyewe, na alikuja hapa akiifurahia kazi hiyo.

*

Jumatano alimkuta Bwana Kasiani kwenye korido, akamweleza yote wakiwa wamesimama. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta ofisini na kufunga mlango.

"Dada Sikujua, nikuulize kama kaka. Huyu wa kwanza ni babu yako?"

"Kwa damu, hapana."

"Ana mtu hai anayemkumbuka?"

"Hana."

"Ana mfupa Namikunda?"

"Yuko Tanga, na huko haijulikani ni wapi."

"Babu yako wa damu je, jina lake liko kijani?"

"Liko kijani."

"Basi unataka nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Sikujua alilijua hilo. Alichokitaka alikuwa nacho mkononi. Jumatatu magari yangekuja, Reuben na baba yake wangepanda pamoja, wangelala ubavu kwa ubavu, na hakuna mtu duniani ambaye angeguna. Gharama yote ilikuwa mtu mmoja aliyekufa miaka mia moja na ishirini iliyopita, ambaye hata mifupa yake haikuwahi kudai kitu.

"Kila nikisaini ninaandika Nampoto," alisema. "Jina hilo babu alipewa na huyo mtu. Siwezi kulivaa na kumkana mwenyewe."

"Na wengine? Unajua unachofungua? Kama wazee walikuwa wakivikwa majina kusini yote hii, umebana wangapi wa namna hiyo?"

"Sijui. Mia. Elfu. Wote elfu nne."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

Bwana Kasiani alisugua macho. "Ukifumua, jina linarudi jeupe. Kanuni unaijua: ukili ukifumuliwa haushonwi tena bila mishono miwili ya maandishi. Maneno ya shangazi hayatoshi, hata awe na miaka mia mbili. Usipoipata kabla ya Ijumaa saa kumi, siwezi kukusaidia. Babu yako anaingia Kaburi la Pamoja, na ni wewe utakayekuwa umemwingiza."

"Najua, Mkuu."

"Kalale kwanza. Uje uniambie kesho."

Hakulala wala hakungoja kesho. Alirudi mezani kwake, akalifungua jina la Barnaba Nampoto, akafumua. Kijani kikaondoka. Jivu likarudi.

*

Mshono wa kwanza aliupata Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, na aliupata kwa sababu ya mimba. Shangazi alisema Barnaba aliondoka mkewe akiwa na mimba ya Agata. Agata alikuwa na ukili wake mwenyewe, wa kijani, usio na kasoro. Sikujua aliufuata mpaka mwanzo wake, kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni, Mei 1938, na pembeni ya jina la mtoto alikuta maneno ya padri kwa wino uliofifia: Baba yuko Tanga kwa mkonge. Hajamwona mtoto.

Alilaza ukili wa Agata chini ya ule wa Barnaba. Mshono ukashika. Lakini ulithibitisha tu kwamba Barnaba alikuwa Tanga mwaka huo. Kinu hakikuona tatizo lolote hapo. Kwa akili ya Kinu, Barnaba alikwenda Tanga, akarudi, akaendelea kuishi mpaka 2009.

Alihitaji siku yenyewe ya kuvikwa. Hiyo aliitafuta mchana kutwa. Matanga hayakuandikwa na serikali. Hayakulipiwa kodi, hayakupimwa zahanati. Alipekua kili za watu wa ukoo, kila karatasi yenye jina Nampoto, na kila jina la Dastani. Dastani alimpata: alibatizwa 1921, kisha shule ya misheni miaka mitatu, kisha kimya. Ukili wake ulikatika mwaka 1939 kama njia iliyofika mtoni isiwe na daraja. Kinu kilikuwa kimemwandika ALIPOTEA. Kuna kijana alikuwa akitafutwa na mashine hii miaka yote, naye alikuwa amekaa palepale kijijini, akibangua karanga.

Saa tisa alimpigia simu shangazi.

"Shangazi, ile siku ya kumvika. Babu alisimulia nini kingine? Chochote. Mvua, jua, nani alikuja."

"Alisimulia chakula. Wanaume ndivyo wanavyokumbuka."

"Na nini kingine?"

Sauti ya mbaazi ikasikika kwenye ungo. "Alisema walipokuwa wanampaka unga, kengele ya misheni ikalia, na haikuwa Jumapili. Wakadhani padri amewakasirikia. Kumbe Wazungu walikuwa wameanza vita vyao vya pili. Baba alipenda kujisifu, alisema siku aliyopata jina, Ulaya yote ilipigiwa kengele."

Sikujua aliweka simu chini. Kutwa nzima alikuwa ametafuta katika kili za ukoo. Alikuwa hajautazama ule wa nchi, kwa sababu nani atafute matanga ya mkulima katika ukili wenye vita vya dunia? Aliushika wa juu sasa, akauvuta kwa vidole mpaka Septemba 1939, na akaomba mshono wa habari ya vita kwa upande wa Masasi. Ulikuwapo. Kinu kiliushona kwa shajara ya misheni. Kilichukua sentensi moja tu, ile iliyohusu vita, na nyingine kikazitupa kwenye pumba. Akaomba ukurasa mzima.

Jumanne, tarehe 5. Leo tumepiga kengele kwa habari ya vita huko Ulaya. Waliokuja kuomba ni kumi na wanne tu. Wengine wote wako kwa Nampoto, ambako matanga ya marehemu Barnaba yanamalizwa na kijana Dastani anavikwa jina la mjomba wake. Nasikia kule kuna nyama.

Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu alicheka, peke yake, kwa ajili ya padri aliyepigia kengele watu kumi na wanne huku harufu ya nyama ikimfikia.

*

Ijumaa saa tano asubuhi Sikujua aliweka kidole kwenye tarehe tano Septemba 1939, juu ya ukili wa Barnaba Nampoto, na kuupasua.

Hakuna aliyewahi kupasua ukili katika nyumba ile. Kulikuwa na kubana, kulikuwa na kufumua, lakini kumgawa mtu mmoja awe wawili, kitufe chake kilikuwa kwenye kona ya meza kimefunikwa na kibandiko cha likizo za mwaka. Alibandua kibandiko akabonyeza. Bwana Kasiani alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa ameitwa.

Meza ikazimika. Kikapita kitambo ambacho mtu angeweza kuvua kiatu na kukivaa tena.

Kisha pumba zikaanza kutembea. Sikujua hakuwahi kuona kitu hicho. Karatasi zilizotupwa kwa miaka zilikuwa zinapanda zenyewe kutoka chini ya kioo, kama kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza. Ya kwanza kupanda ilikuwa ile ya ubatizo wa 1894, ikaenda kukaa mwanzoni mwa kipande cha kwanza. Ya pili Sikujua hakuijua. Ilitoka kwenye orodha ya vibarua wa shamba moja la mkonge huko Tanga. Kibarua namba 2217, Barnaba, mtu wa Masasi, bega la kushoto limepinda, homa, amekufa tarehe 19 Februari 1939, amezikwa upande wa mashariki wa kambi. Chini yake palikuwa na hukumu ya zamani ya Kinu: KOSA LA MWANDISHI. MHUSIKA ALIENDELEA KUISHI.

"Kilikuwa nayo," alisema Sikujua kwa sauti ndogo. "Wakati wote huu kilikuwa na kifo chake. Kikakikataa kwa sababu babu alikuwa hai."

Karatasi ile ikatua mwishoni mwa kipande cha kwanza, na kipande chote kikawaka kijani, miaka arobaini na mitano, kuzaliwa mpaka kufa. Kipande cha pili kilibaki kinaelea bila mwanzo. Halafu kutoka upande mwingine wa meza ukaja ule ukili mfupi wa Dastani, aliyepotea, ukateleza taratibu mpaka ncha yake ikagusa tarehe tano Septemba. Ukashika. Kijani kikakimbia kutoka 1921 mpaka 2009, miaka themanini na minane, bila kukwama popote.

BARNABA NAMPOTO. JINA LIMEKUBALIWA.

BARNABA NAMPOTO, ALIYEZALIWA DASTANI. JINA LIMEKUBALIWA.

Watu wa meza za jirani walikuwa wamekwisha simama. Mama mmoja wa masijala akapiga kigelegele kifupi, akajishika mdomo kwa kukumbuka kwamba yuko ofisini, kisha akaona basi, potelea mbali, akakipiga tena kirefu.

Bwana Kasiani hakupiga makofi. Aliinama karibu na sikio la Sikujua.

"Kiulize kuhusu wote," alisema. "Wote uliowabana. Kitafute mahali penye matanga, mtu wa zamani akakoma na mtu wa baadaye akaanza."

"Mkuu, zimebaki saa tano."

"Naijua saa. Kiulize."

Aliuliza. Kinu kilinyamaza, na safari hii kilinyamaza muda mrefu, feni zake zikivuma ukutani kama nyuki. Kisha pumba zikapanda. Hazikupanda mbili wala tatu. Zilifunika meza ya Sikujua, zikamiminikia meza ya jirani, na ya jirani yake, mpaka kila kioo katika ukumbi ule kikawa kinatiririka. Kibarua namba fulani, aliyekufa Lindi. Mpagazi wa vita, aliyekufa njiani. Mama mjane, aliyekufa kwa uzazi, ambaye jina lake lilivaliwa na mdogo wake. Watu waliokuwa wamefutwa kwa sababu majina yao yalipendwa mno kuachwa yafe. Kufikia saa tisa walikuwa mia nane na arobaini wenye dalili, na wengine bado walikuwa njiani.

Wafanyakazi walisoma majina kwa sauti, mmoja mmoja, wakipokezana. Haikuwa amri ya mtu. Mmoja alianza, wengine wakafuata. Sikujua naye alisoma, na kila aliposoma jina alijua kwamba kidole chake ndicho kilichomtupa mtu huyo, na hakuacha kusoma.

"Mtokoma," alisema mtu wa meza ya mwisho. "Kasiani Mtokoma. Alikufa 1927."

Mkuu aliomba arudiwe. Akarudiwa. Akaenda kusimama mbele ya kioo hicho, akaweka miwani yake sawasawa, akasoma jina lake mwenyewe la mtu aliyekufa miaka mia moja na thelathini na minne kabla.

"Nilidhani baba alilipenda tu," alisema.

Saa kumi ilipofika, orodha ya Namikunda haikufungwa. Bwana Kasiani aliandika kwa mkono wake kwamba makaburi yenye majina ya kijani yatahama kama ilivyopangwa, na kwamba hakuna mwili utakaoingia Kaburi la Pamoja mpaka kila jina lililobanwa liangaliwe upya. Mhandisi wa bwawa alipopiga simu kulalamika, Mkuu alimwuliza maji ya msimu wa kwanza yatafika wapi. Mhandisi akakiri kwamba hayatavuka miguu ya kilima. "Basi tunao mwaka," alisema Mkuu, na kukata simu.

*

Jumatatu Shangazi Fidea alikuja makaburi mapya na khanga mbili, moja ya kujifunga na moja aliyoikunja kwapani. Mpwa wake mkubwa alimwambia hapana haja ya kuja, jua kali. Alimjibu kwamba jua analifahamu kabla yake.

Walimshusha Barnaba wa pili, yule aliyekuwa Dastani, na Reuben wakamlaza ubavuni mwake. Ng'ambo ya Barnaba wa pili palichimbwa shimo dogo la kina cha mkono, na humo wakaweka unga wa mtama, kwa sababu sheria iliruhusu jiwe kwa mwenye ukili uliokamilika hata kama mwili wake uko mbali. Shangazi alifungua khanga ya kwapani, akaitandika juu ya shimo lile, akasimama ameshika kiuno.

"Mjomba wa baba," alisema, kama anayemsemesha mtu wa upande wa pili wa uzio. "Tumechelewa. Nyama iliisha zamani."

Watu wakacheka, na ndani ya kicheko hicho wengine walilia, na wimbo ukaanza upande wa wanawake. Sikujua aliimba nao. Alikuwa ameliogopa kaburi la baba yake kwa mwaka mzima, akilitembelea kila Jumapili na kurudi mzito kuliko alivyokwenda. Siku hiyo alikaa palepale mpaka udongo ukasawazishwa, akatazama mawe matatu katika mstari mmoja, majina mawili yakiwa yaleyale na miaka yake ikiwa tofauti, na kila mwaka ulikuwa wa mwenyewe.

Sasa Sikujua amehamishiwa dirisha namba tatu, ambalo hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayekuja kuulizia jina lililobanwa anaombwa aje na mzee wa ukoo wake. Jana alipasua kili kumi na saba.